Andika orodha kabla mto haujafika

Wewe unayesoma hii kwenye simu ukiwa Garsen unangoja gari la Hola, ama umekaa chini ya mwembe pale Ngao unatafuta mtandao, nina swali dogo. Kwenu kuna sanduku la bati? Lile la shule ya bweni, rangi imebanduka, kufuli ilipotea zamani, limesukumwa chini ya kitanda cha babu. Ndani si nguo. Ndani ni karatasi.

Usikimbilie kusema ni takataka. Labda babu alikuwa mwalimu wa miaka ya sitini na barua za wanafunzi wake zote ziko humo. Labda alikuwa sheikh aliyeandikiana na wenzake wa Lamu kuhusu fikihi na nyota. Labda alifanya kazi kwenye miradi ya unyunyizaji ya Hola au Bura, akiandika kipimo cha maji kila asubuhi. Labda alikuwa akiwaongoza msituni watafiti wa nyani waliokuja miaka ya 1970, na daftari moja la hesabu za nyani likabaki kwake. Ama ni nyanya, mkunga, aliyeandika majina ya miti ya dawa kwenye kitabu cha mazoezi cha mtoto. Kwangu mimi hao wote ni wasomi. Wengine walikuwa wanasayansi bila kujua kuna jina hilo.

Sasa swali la pili, na ndilo lililonifanya niandike: kuna mtu yeyote kwenu aliyewahi kuandika orodha ya kilichomo? Hata ya ukurasa mmoja?

Nakisia jibu. Basi tuongee.

Ngoma iliyoandikwa kwenye daftari la wengine

Anza na kitu ambacho ukiwa Mpokomo umekisikia tangu utotoni: ngadji, ile ngoma kuu ya wazee. Ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu 1908 iko British Museum, London, ghalani. Kwamba ilichukuliwa ni dhuluma, hilo halina mjadala hapa. Lakini tazama jambo moja. Leo wazee wanaweza kusema kwa uhakika ngoma iko jengo gani na iliingia mwaka gani, kwa sababu kuna karani fulani wa kule aliyechovya kalamu akaandika mstari kwenye rejista. Dai lote la kuirudisha linaegemea mstari ule.

Sasa jiulize kuhusu lile sanduku. Likipotea leo, utadai nini? Utasema "kulikuwa na makaratasi ya babu". Makaratasi gani? Ya mwaka gani? Ya kutoka kwa nani? Hapo ndipo watu hunyamaza.

Na vya kupoteza si haba. Mto Tana ulifurika 1961. Ukafurika 1997 wakati wa El Niño, ukafurika 2018, ukafurika tena mwishoni mwa 2023 na mwaka uliofuata. Kila mara watu wa delta hubeba watoto, mbuzi, godoro na sufuria. Nani atalaumiwa kwa kuacha barua? Mwaka ambao mto haukuja, mchwa anakuja. Na mchwa asipokuja, kuna anayeuza mahamri anayehitaji karatasi ya kufungia.

Sanduku la Lamu lenye jina la Mwingereza

Toka Garsen, pita Witu, fika Mokowe, vuka uingie Lamu. Hapo palikuwa na mtu mmoja aitwaye Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki 1945. Mshairi, mchonga milango, mwanamuziki, na zaidi ya yote mwenye hati nzuri ajabu. Wataalamu wa Ulaya waliotaka tenzi za zamani walimwendea yeye. Alimnakilia William Hichens, Mwingereza aliyewahi kuwa afisa wa serikali huku. Alimnakilia Alice Werner wa London. Mjerumani Ernst Dammann alipofika Lamu miaka ya 1930, ni Kijumwa tena. Na pamoja na nakala, Kijumwa aliandika barua: anaeleza maneno magumu, anaeleza shairi ni la nani, anadai malipo yake.

Leo karatasi hizo ziko London na Ujerumani, na ukizitafuta SOAS utaona ziko chini ya majina kama "mkusanyo wa Hichens", "mkusanyo wa Werner". Kwa kanuni za kazi hii hakuna kosa: mkusanyo hupewa jina la aliyeukusanya. Lakini mkono ulioandika kurasa nyingi ni wa Kijumwa. Kwa miaka mingi, kama hukujua kumtafuta kwa jina, ungepita juu yake kama unavyopita juu ya jina la dereva kwenye tikiti ya basi.

Kilichomtoa ni kuorodhesha upya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SOAS ilianzisha mradi wa kupitia miswada yake ya Kiswahili mmoja mmoja, na kati ya waliotegemewa kusoma hati hizo alikuwepo Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa. Alijua lahaja, alijua hati, alijua watu. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha Ujerumani kitabu kizima, na jina kubwa juu ya jalada ni la Kijuma, kama wanavyoliandika wao. Karatasi ni zilezile. Kilichobadilika ni aliyeulizwa: "Huu mwandiko ni wa nani?"

Shika swali hilo. Ndilo kiini cha haya yote.

Na huku mtoni?

Huku kwetu pia waliandika. Wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walifika Tana 1887 na Ngao ikawa kituo chao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alitunga msamiati na sarufi ya Kipokomo kabla karne ile haijaisha. Alice Werner naye alitembelea nchi ya Wapokomo, na 1913 akachapisha makala kuhusu Wapokomo wa bonde la Tana. Kazi hizo zipo, zimeorodheshwa, ukiziagiza unaletewa.

Sasa fikiri kidogo. Mjerumani ametoka kwao juzi, hajui "maji" ni nini kwa Kipokomo. Nani alimwambia? Mtu alikaa naye jioni baada ya jioni, akirudia neno lilelile mpaka likaandikwa sawa. Mtu huyo alikuwa na jina, na wajukuu wake wanaweza kuwa ndio nyinyi.

Usidhani zamani haikuwezekana kuwataja. Mwaka 1870 mmishonari Mmethodisti Thomas Wakefield, ambaye kanisa lake baadaye lilifungua kituo Golbanti karibu na hapo ulipo, alichapisha London maelezo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Juu kabisa, kwenye kichwa cha makala, aliandika kwamba habari zile amezipata hasa kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Ndiyo maana mimi na wewe, zaidi ya miaka 150 baadaye, tunaweza kulitaja jina la Sadi. Ilihitaji mstari mmoja tu.

Wenzetu hufanyaje

Uingereza mwaka 1973, mwanahistoria Margaret Gowing alianzisha kituo kidogo Oxford kwa kazi moja tu: kuorodhesha barua na karatasi za wanasayansi wa karne ya 20. Aliona wanakufa, na wajane wao wanabaki na vyumba vilivyojaa mafaili wasijue pa kuyapeleka. Kituo kile hakikuzihodhi karatasi. Kilizichukua, kikazipanga, kikaandika katalogi, halafu kikazikabidhi kwa maktaba inayofaa. Mwaka 1987 kazi ikahamia Bath na kuendelea kwa miaka mingine zaidi ya ishirini. Nimeupenda mpango huo kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: kuwa na karatasi ni jambo moja, kuwa na orodha yake ni jingine. Kuandika orodha hakukulazimishi uhamishe sanduku la babu.

Ama chukua Charles Darwin. Mradi wa kukusanya barua zake ulianza 1974. Kitu kimoja cha mwanzo kuchapishwa, 1985, kilikuwa orodha: kila barua iliyojulikana, tarehe, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, na muhtasari mfupi. Juzuu za barua zenyewe zilifika 30 na kazi ikafungwa karibu nusu karne baada ya kuanza, barua zaidi ya 15,000. Na orodha ile ilionyesha kitu: Darwin hakuwa peke yake chumbani. Aliandikiana na watu karibu 2,000, wakiwemo watunza bustani na wafuga njiwa. Sayansi yake ilitembea kwa posta.

Sisi tunaye Profesa Ali Mazrui, kijana wa Mombasa. Alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Michigan, na karatasi zake za kipindi hicho ziko maktaba ya Bentley ya chuo hichohicho, zimepangwa kwa maboksi na mafaili. Mwanafunzi wa Marekani anaagiza boksi kwa namba yake na kuletewa mezani. Wewe wa Garsen unaweza angalau kuisoma orodha kwenye simu ukajua kuna nini. Sasa linganisha na mwalimu mkuu mstaafu wa mtaani kwenu aliyefundisha nusu ya wilaya. Orodha ya karatasi zake iko wapi?

Haya, kaa chini tufanye

Mimi mwenyewe chuo nilikiachia katikati, na nakuhakikishia hii kazi haiulizi cheti. Inataka daftari, penseli na uvumilivu.

Kwanza, omba ruhusa. Sanduku lina mwenyewe. Kaa na nyanya, mwambie unachotaka kufanya, na ikiwezekana awepo unapofungua. Yeye ndiye katalogi inayopumua: atakwambia huyu kwenye picha ni nani na yule "kaka" kwenye barua si kaka wa tumbo moja.

Pili, usipange upya. Najua mkono unawasha kuweka kila kitu kwa tarehe. Acha. Kama babu aliweka barua za shule pamoja na risiti za pamba, alikuwa na sababu, na sababu hiyo ni habari. Piga picha sanduku lilivyo kabla hujagusa. Kisha toa bunda moja moja na ulipe namba: bunda 1, bunda 2. Ndani ya bunda, kila karatasi na namba yake: 1/1, 1/2, 1/3. Andika namba kwa penseli, kwa wepesi, pembeni nyuma. Kalamu ya wino hapana. Pini zilizoshika kutu zitoe polepole. Selotepu usiguse, na tafadhali usilaminishe kitu. Plastiki ile ikishika haitoki tena. Iliyolowa ianike kivulini, si juani, na iliyoshikana usiilazimishe.

Tatu, andika mstari kwa kila kitu. Huu hapa mfano wa kubuni:

*Namba 1/3. Barua, karatasi 2. Tarehe: haijaandikwa [takriban 1962]. Kutoka: mwalimu mwenzake wa Kipini. Kwa: babu. Lugha: Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Habari: vitabu vya shule vilivyoharibiwa na mafuriko, anaomba nakala ya somo la hesabu. Mwandiko: si wa aliyetia sahihi, nyanya anasema ni wa karani wa duka. Hali: pembe ya chini imeliwa na mchwa.*

Umeona mabano ya mraba? Humo unaweka unachokisia wewe, ili msomaji ajue si barua iliyosema. Na umeona nafasi ya "mwandiko"? Hiyo usiiruke. Ndiyo inayomtoa Kijumwa kwenye boksi la Hichens. Kwa daftari za watafiti, ongeza aliyewaonyesha njia, aliyetafsiri, aliyehesabu. Kama kuna herufi za Kiarabu na huzisomi, usiandike tu "karatasi za dini". Nyingi si dini: ni madeni, mashairi, dawa, hata mapenzi. Andika "Kiswahili au Kiarabu, haijasomwa", kisha mtafute mzee wa madrasa asome.

Nne, piga picha kila karatasi kwenye mwanga wa mchana bila flashi, na faili la picha lipe namba ileile: 1-3, si "IMG" na tarakimu ishirini. Weka nakala sehemu tatu, moja nje ya bonde la mto. Simu ikianguka kutoka kwenye boda au maji yakipanda, angalau mambo hayajaisha.

Mahali ambapo orodha inauma

Sasa sikiza hili kwa makini, manake si mchezo.

Delta hii imeona damu. Mapigano ya 2012 na 2013 yaliua zaidi ya watu 100, na nyumba zilichomwa; katika nyumba zilizochomwa kulikuwa na masanduku kama hili. Magomvi mengi huku ni ya ardhi na maji, ya shamba la mkulima na malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni. Barua ya chifu ya 1958 kuhusu malka fulani si kumbukumbu tamu tu. Mtu anaweza kuiinua kwenye baraza na kusema "mnaona?"

Na mahakamani karatasi huamua mambo makubwa. Hifadhi ya nyani ya Tana River ilitangazwa 1976, wakati huohuo ambapo watafiti kama Katherine Homewood walikuwa wakichunguza nyani wa misitu ya mtoni. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Siku kesi kama ile inapofika, kila upande hutafuta karatasi, na mwenye orodha anafika na jibu.

Kwa hivyo orodha inayokusanya masanduku ya Wapokomo pekee, ama ya Waorma pekee, ni hatari kuliko kutokuwa na orodha. Inamfanya mmoja aonekane alikuwepo na mwingine aonekane amezuka jana. Wafugaji wengi waliweka elimu yao kichwani, si kwenye karatasi: visima, koo, miaka ya ukame. Kama kwenye orodha yako upande mmoja haupo, sema haupo, na useme kwa nini. Bora zaidi, ifanyeni vijana wa pande zote mkiwa meza moja, kila mmoja na sanduku la kwao. Mtagundua haraka kwamba barua za mwalimu wa Kipokomo zimejaa majina ya wanafunzi wa Kiorma, Kiwardei, Kigiriama na Kibajuni.

Halafu kuna siri. Barua zina magonjwa, talaka, watoto wa nje. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata bila sheria kuna aibu za watu. Zilizo nzito zipe namba, andika "barua ya familia, isisomwe bila idhini", funga. Katalogi nzuri inasema kitu kipo bila kukianika. Usirushe picha za barua za watu kwenye WhatsApp ati unahifadhi historia.

Ukimaliza

Nakala ya orodha mpe mwenye sanduku, iliyochapishwa, si faili la simu. Nyingine ipeleke mahali pa umma. Makavazi ya Taifa yako Nairobi, Moi Avenue, na yana kituo Mombasa. Mombasa pia kuna watu wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus, na Lamu kuna jumba la makumbusho. Miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na karatasi zenyewe hazikuhamishwa kwenda Ulaya. Kwa hiyo inawezekana kitu kikabaki kwenu na bado kikajulikana duniani.

Usiahidi kuuza. Usikubali mtu akwambie "nitabeba nikaskani nirudishe" kabla orodha haijakamilika na yeye kuitia sahihi, hata awe mgeni mwenye vyeo vitatu. Ukiwa na orodha, anachobeba kinajulikana kimoja kimoja.

Mvua za vuli zina kawaida ya kuanza Oktoba. Vuta sanduku leo jioni nyanya akiwa hajalala, chukua daftari la kurasa 96, na juu ya ukurasa wa kwanza andika jina lake, la babu, kijiji na tarehe. Bunda la juu kabisa ndilo namba 1. Muulize: "Nyanya, huu mwandiko ni wa nani?" Akijibu, andika.